Siku ya Kumwonyesha Mtoto Mlima

Mama alikuja Amerika mwezi wa pili akiwa amevaa masweta yake yote kwa pamoja, na akiwa na sharti moja. Sharti lenyewe alilitoa tukiwa bado kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, mimi na tumbo langu la siku za mwisho, mume wangu akihangaika na masanduku. Angekaa mpaka mtoto azaliwe, amalize arobaini, na aonyeshwe mlima. Baada ya hapo angerudi kwa mzee wake.

"Siku moja zaidi sikai," alisema. "Baba yako nimemwacha na ng'ombe na kikohozi."

Kwetu Kilimanjaro, upande wa mama yangu, mtoto hatolewi nje ovyo. Anakaa ndani na mzazi wake, mzazi anakandwa kwa maji ya moto na kulishwa mtori, supu nzito ya ndizi, hadi bibi achague asubuhi ambayo mlima umefunguka na kuna joto la kutosha mtoto asipige chafya. Siku hiyo bibi anambeba, anamgeuza uso kuelekea kilele cha Kibo, anauambia mlima kwamba mgeni amefika. Majirani zetu wengi hawafanyi hivyo na wala sijui desturi hiyo ilianzia wapi. Nyumbani kwetu sote tulionyeshwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa tukiishi katika mji mdogo wa Virginia, chini kabisa ya milima ya Blue Ridge, mahali ambapo watu wa Washington huja kupiga picha majani yakigeuka rangi, wanakula aiskrimu na kurudi makwao. Kodi ilikuwa nafuu, nami nilikuwa nimepata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee iliyokuwa karibu. Mume wangu, Mkenya wa Nyeri, alikuwa akisoma Fairfax na kufanya kazi ya jioni hukohuko. Alitoka alfajiri akashika barabara ya sitini na sita, akarudi nimeshalala. Dirisha letu la jikoni lilitazama mlima. Mama alipouona mara ya kwanza alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, Mama."

"Mbona mfupi?"

"Ndio uliopo."

"Haya," akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia siku nilipomwambia kwamba naolewa na Mkenya.

Mtoto wa kike alizaliwa mwezi uleule ukielekea mwisho. Na hapo sina budi kusema jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Nilimwogopa mtoto wangu. Kazini nilikuwa namgeuza kitandani bibi wa miaka tisini, namnawisha, namlisha, mkono hautetemeki. Lakini mwanangu akipata kwikwi tu, nilimwita Mama kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nilikuwa naamini kabisa kwamba siku Mama atakapopanda ndege, mimi na mtoto huyu hatutafika jioni.

Kwa hiyo kila asubuhi niliamka na nia mbili. Nilitaka mlima ufunguke, Mama amalize shughuli iliyomleta, arudi kwa baba yangu ambaye kila tulipopiga simu alikohoa kabla ya kuitikia. Na papo hapo nilitaka ujifunike, ujifunike vizuri, mpaka Krismasi.

Sasa, Mama ni mtu wa mlimani, na mlima anausoma tangu utotoni. Kwao ukiamka ukakuta umefunguka, unaanika. Unaanika kahawa, mahindi, magodoro, chochote kilicho na unyevu, kwa sababu mlima ulio wazi alfajiri maana yake jua litawaka. Ukijifunika, unatafuta sweta. Alikuja Virginia na ujuzi huo wote kichwani, akautumia siku ya kwanza alipopata nafasi.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Mlima ulikuwa wazi kiasi cha kuona mti mmojammoja juu ya mgongo wake, mbingu ya buluu, jua linamulika mpaka ndani ya vikombe. Mama alikuwa na nepi za kitambaa alizotoka nazo Moshi, maana pampasi hakuziamini. Akazifua, akazitoa nje, akazianika kwenye kamba aliyoifunga mwenyewe kati ya nguzo ya ngazi na uzio wa jirani. Alirudi vidole havikunjiki. Nikampa chai. Alipomaliza kikombe akaenda kuziangalia, akarejea na nepi moja ameishika kwa kona, imenyooka kama ubao. Akaigonga mezani, ikalia.

"Hii imefanywaje?"

"Imeganda, Mama."

"Imeganda na jua linawaka?"

Nilimweleza habari ya upepo wa kaskazini. Alinisikiliza kwa adabu aliyokuwa akiwapa wauza dawa wa sokoni. Jioni ile, kwa bahati mume wangu aliwahi kurudi, naye akacheka mpaka akakaa chini.

"Mum, hapa hatuangaliangi mlima," akamwambia. "Hapa tunacheki TV."

"Na hiyo TV inaangalia nini?" akauliza Mama.

Mume wangu akajipakulia mtori.

Baada ya siku chache likaja joto. Vijana wa mtaa walipita na kaptura, na mtu mmoja aliosha gari akiwa kifua wazi. Mama alikimbilia dirishani, na mlima haukuwapo. Mahali pake palikuwa na weupe tu, kitu kama mvuke wa sufuria. Akautafuta huku na huku. Usiku uliofuata ikanyesha mvua, kisha theluji, na asubuhi mlima huo, wazi, unang'aa, na baridi ya kukata masikio.

Nilihitaji miaka kadhaa kuelewa kwamba pale Virginia mambo yalikuwa kinyume. Joto likija lilikuja na ukungu na mawingu, mlima ukapotea. Baridi ndiyo iliyoufagia mlima ukaonekana. Mama alitaka vyote viwili asubuhi moja, mlima na joto, na vitu hivyo viwili majira yale havikuwa vikikutana. Mwaka ule sikujua lolote. Kwenye kiti cha sebuleni tuliweka koti zito na gauni jepesi, na kila siku nilivaa lisilofaa.

Arobaini ikaisha mwanzoni mwa mwezi wa nne. Mama akaanza kupanga sanduku lake, polepole, leo kanga, kesho viatu. "Wiki hii nikipata asubuhi yoyote yenye nafuu, namtoa," akasema. "Hata kama joto ni la kubahatisha. Tiketi ina mwisho wake." Nilimjibu kwamba ni sawa, nikaenda chooni kulia.

Jumapili ya wiki hiyo mume wangu alimpeleka kanisani Takoma Park, kwenye ibada ya Kiswahili ambayo ilifanyika mchana katika kanisa dogo la kukodi. Mama alikuwa ameitamani ibada ile tangu aje. Mtoto asingeweza kwenda, hajaonyeshwa bado. Kliniki tulimpeleka amefunikwa gubigubi, na Mama alishasema kliniki si kutoka. Kwa hiyo nilibaki mimi na yeye. Walipoondoka chembechembe za theluji zilikuwa zikipeperuka. Niliwapungia mkono dirishani nikitabasamu kwa nguvu.

Saa sita haijafika theluji ilikuwa imekoma na jua limetoka. Nilimvua mtoto soksi. Kisha mbingu ikawa nyeusi upande wa mlima, ikawa na rangi ya kijani ambayo sijawahi kuiona mbinguni, upepo ukaja, radi ikapiga juu ya paa, na mvua ya mawe ikaanza kugonga madirisha. Umeme ukakatika. Mtoto akalia kilio ambacho sikukijua. Kazini niliwahi kusikia kwamba kimbunga kikija watu hujificha bafuni, basi nikambeba, nikaingia naye kwenye lile sinki refu la kuogea, lililokuwa kavu, nikajifunika blanketi kichwani, nikakaa.

Hakuna aliyetangaza kimbunga. Mvua ya mawe yenyewe ilipita upesi. Umeme ukarudi, nikaona taa. Jua likaingia kwa kidirisha cha juu, ndege wakaanza kelele zao, bibi jirani akagonga mlango akiuliza kama tuko salama. Sikuitika. Nilikuwa nimeshawishika kwamba nikinyanyua mguu nitamwangusha mtoto, kwa hiyo sikunyanyua mguu.

Ndivyo walivyonikuta. Mama aliingia akiwa na furaha, kilemba chake kimenasa maua meupe ya miti ya Takoma Park, anasimulia kutoka mlangoni: huko watu wamevaa kandambili, mwanangu, huko miti imechanua, kuna mama wa Kongo amenipa sambusa na kuniita *maman*, huko si mbali lakini ni nchi nyingine kabisa. Alikuwa bado anasema alipofika mlango wa bafu. Mume wangu nyuma yake akasema, "Ai, kwani kumehappen nini?"

Mama alimpokea mtoto, akamfunua, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu.

"Mtoto mzima," akasema. "Na wewe?"

"Mzima."

Akaketi kwenye ukingo wa sinki, na kilemba chake cha kanisani. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama alivyomkagua mtoto. Mwishowe akaniambia nitoke humo, sambusa zinapoa.

Kesho yake, Jumatatu, kukapambazuka asubuhi ambayo tulikuwa tukiiomba. Mlima wazi. Joto si kubwa, lakini lipo, hata mimi nilifungua dirisha nikalisikia shavuni. Mume wangu, akiwa na funguo mkononi, alisema, "Mum, leo ndio leo. Nichelewe kidogo nipige picha?" Nikamtazama Mama. Mama akasogea dirishani, akatoa mkono nje, akaurudisha.

"Kuna upepo," akasema, akalifunga.

Hapakuwa na upepo. Pazia lilikuwa limetulia. Mume wangu alinitazama, nikainua mabega, akaenda zake Fairfax.

Tangu siku ile hakuna siku iliyomfaa. Ikiwa wazi na baridi, alisema tunataka kumuua mtoto. Ikiwa joto na mlima umejificha, aliuliza amwonyeshe nini, moshi? Ikitokea asubuhi yenye kidogo cha kila kitu, alitafuta wingu moja dogo upande wa kusini na kulielekezea kidole. Nami nilifurahi kila alipokataa, halafu nikaona aibu kwa kufurahi, halafu nikamkasirikia yeye kwa kunifanya nione aibu.

Tena alianza kubadilika kwa namna nyingine, na hiyo iliniuma. Mtoto akilia, Mama mikono yake ilikuwa na unga. Akihitaji kuogeshwa, Mama mgongo unamuuma, nenda wewe. Mimi nikaogesha, nikimwita, "Mama, maji haya ni sawa? Mama, kichwa nakishika hivi?" Anajibu kutoka jikoni, "Wewe si una mkono? Pima." Mama yule ambaye wiki chache nyuma alikuwa hanipi mwanangu ila kwa kunyonyesha! Nikajiambia amenichoka. Nikajiambia ameniona sinkini akaamua kwamba hakuzaa mtu.

Kisha akagundua jirani. Bibi jirani alikuwa mjane mrefu mwenye viatu vya mvua, na kwenye uwanja wake alikuwa na mti wa pichesi na mistari ya maua. Jioni moja baridi ilipotangazwa, Mama alimwona akitoka na shuka za kitandani, akivisha mti na maua, akibana kwa vibanio vya nguo. Mama alitazama mpaka mwisho.

"Sasa huyu," akasema, "ndiye mtu wa kwanza mwenye akili niliyemwona huku."

Akaenda kumsaidia kubana. Tangu hapo kila siku alipotea upande wa pili wa uzio. Mama hana Kiingereza cha kununulia kiberiti, na yule bibi Kiswahili hajawahi kukisikia, lakini niliwaona dirishani wakielekezana mbingu, wakishikana viwiko, wakitikisa vichwa juu ya jani lililoungua kwa baridi. Saa nzima inapita. Mimi ndani na mtoto, mtoto analia, ananyonya, analala, anaamka, na mama yangu mzazi yuko nje anafunika maua ya watu. Siku nyingine nilichemka kwelikweli.

"Mama, umekuja kulea mti wa pichesi au mjukuu wako?"

"Mjukuu wangu ana mama yake," akasema, akachukua vibanio.

Baba alipiga simu kutoka parokiani, kwenye simu ya padre. Aliongea nami kwanza: masika imeshika, maharage hayajapandwa, ng'ombe amekataa kukamuliwa na mtu mwingine, na kifua chake, aah, kifua ni kilekile. Nilimpa Mama simu. Alisikiliza, akageukia ukuta.

"Mzee wangu, huku mbingu haijielewi," akamwambia. "Vumilia kidogo. Sijamaliza."

Baada ya simu alisimama dirishani akiwa amejifunga kanga kifuani, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu aliyezeeka. Nilitaka kumwambia aende. Badala yake nikamwuliza kama atakula.

Mume wangu naye alikuwa amechoka, simlaumu. Tarehe ya tiketi ilikuwa haibadiliki, naye alishavuruga mitihani miwili mitatu kwa mawazo. "Mum, kwa TV wamesema Saturday itakuwa warm na clear," akatangaza siku moja. "Hiyo ndiyo last. Tuesday unaboard." Mama akasema basi Jumamosi. Alisema upesi mno. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akitaja upepo.

Jumamosi hiyo, mwezi wa tano umeanza tu, tuliamka tukakuta umande umeganda kwenye nyasi, na mlima wazi. Mama akasema tusubiri. Kufikia saa nne joto lilikuwa la kutoa jasho na mlima umeanza kufifia. Mama akasema tusubiri. Mchana mawingu yakajaa, mvua ya mawe ikamwagika kwa kishindo, mtoto akashtuka. Nikajikuta nimeshamweka begani, namgonga mgongo, naenda naye huku na huku sebuleni nikimwambia ni mawe tu, mama, ni mawe tu yanaanguka. Mume wangu alizima televisheni kwa hasira. "Hawa watu hawajui kitu," akasema.

Mvua ikakata. Jua likatoka na joto lake, na mlima ukajitokeza wote, umelowa, kijani kibichi nusu ya chini na kahawia juu ambako majani yalikuwa hayajafika. Mlima na joto pamoja. Hatukuwahi kuviona pamoja vikiwa kamili hivyo.

Mama aliinuka kwenye kochi. Alikuwa ameshavaa kitenge chake na sweta la kanisani tangu asubuhi. Nikamnyooshea mtoto.

"Mtoe wewe," akasema.

"Mimi?"

"Viatu vyangu havipandi kwenye mawe haya. Nenda naye mpaka pale mwisho wa uwanja, auone vizuri. Mimi nipo hapa mlangoni."

"Mama, si bibi ndiye anayetoa?"

"Bibi anaumwa magoti. Nenda kabla hakujabadilika!"

Nikaenda. Sikuwa nimewahi kutoka nje na yule mtoto bila mtu pembeni, hata mpaka kwenye sanduku la barua. Nilishuka ngazi moja moja kama mtu aliyebeba mayai. Mawe ya mvua yalivunjika chini ya viatu. Mume wangu alitaka kunifuata na kamera, nikasikia Mama akimwambia, "Wewe kaa hapa." Nilifika mwisho wa uwanja, kwenye uzio, karibu na mti wa pichesi uliokuwa bado na shuka moja begani. Nikamgeuza mwanangu uso kuelekea mlima. Akakunja macho kwa mwanga.

Na maneno yakanipotea. Nilikuwa nimeyasikia nyumbani kila alipozaliwa mtoto, kwa Kichaga, ni mafupi, na hakuna hata moja lililobaki. Nikageuka kumtazama Mama. Mlango ulikuwa wazi na mlangoni hapakuwa na mtu. Nikageuka tena.

"Huu ni mlima," nikamwambia mwanangu kwa Kiswahili. "Si wetu, lakini ndio uliopo." Kisha nikauambia mlima, kwa sauti, na nadhani bibi jirani alinisikia, "Mgeni amefika."

Tulisimama pale. Yeye alipiga miayo. Nilisikia uzito wake mkononi, wa kawaida tu, uzito wa mtoto. Kisha matone yakaanza tena, makubwa, nikamfunika kichwa kwa kanga na kukimbia naye, ndiyo, nilikimbia naye juu ya mawe yale, nikapanda ngazi nikicheka.

Mama hakuwapo mlangoni wala jikoni. Nilimkuta sebuleni amepiga magoti, yale magoti mabovu, anafunga sanduku. Kila kitu kilikuwa kimeshaingia ndani.

"Umeuona?" akauliza bila kugeuka.

"Ameuona."

"Haya. Njoo unikalie hapa juu, zipu haifungi."

Jumanne tulimpeleka uwanja wa ndege. Njia nzima ilikuwa jua na joto, mlima uko wazi nyuma yetu kwenye vioo vya gari, siku ambayo ungeweza kumwonyesha mtoto hata uchi. Mama alikaa nyuma na mjukuu wake na hakugeuka kuuangalia. Alipofika kwenye mlango ambao sisi hatuvuki, alimrudisha mtoto mikononi mwangu, akalirekebisha blanketi ambalo halikuwa na kasoro, akaenda. Nililia, nikamlaumu mume wangu kwa foleni, kwa tiketi, kwa kila kitu.

Tulifika jioni, mimi na mtoto. Tulifika na jioni ya pili.

Wiki hiyohiyo nilipiga simu parokiani saa tuliyopatana. Alipokea Baba, kwa kuwa Mama alikuwa njiani anatoka kukamua. Kikohozi kwanza, kisha salamu. Nikamweleza jinsi tulivyohangaika, majuma yote yale, mlima ukija joto linaondoka, joto likija mlima unaondoka, mpaka tukapata dakika chache za mwisho, na mimi mwenyewe nikamtoa nje.

"Nje?" akauliza Baba. "Kwa nini nje?"

"Si lazima atolewe nje, Baba? Siku yenye joto, mlima umefunguka?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikangoja.

"Wewe ulionyeshwa dirishani," akasema. "Wewe ulizaliwa masika, mvua haikukatika. Mama yako mwenyewe, si bibi, alikubeba akakusimamisha kwenye dirisha la chumba, mlima wenyewe hauonekani, ukungu mtupu. Nikamwuliza, sasa anaona nini? Akasema upo hapohapo. Akanipa nikushike, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Tena hata arobaini ilikuwa bado."

Nilikuwa nimesimama jikoni, mtoto begani, mbele ya dirisha lile ambalo lilikuwa limeutazama mlima tangu mwezi wa pili. Nikakumbuka pazia lililotulia. Unga mikononi, vibanio vya nguo, magoti. Nilijaribu kupanga kipi kilikuwa kweli na kipi hakikuwa, kikanishinda, na mpaka leo sijakimaliza.

Kisha nikasikia kule upande wa pili mlango, na sauti ya Mama ikiuliza kama ni mimi. Akachukua simu.

"Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, Mama." Nilitaka kumwuliza. Nilikuwa na swali tayari mdomoni.

"Huko kukoje leo?" akaniwahi.

Nikatazama. "Mlima umefunguka."

"Na joto?"

"Joto hakuna. Baridi imerudi. Jirani ametoa shuka zake tena."

"Basi mvalishe mtoto kofia," akasema Mama, "utoke naye ukamsaidie kubana."

Nikamvalisha kofia, tukatoka.